Jina la mlezi katika wosia wetu

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulivuka Ziwa Victoria pamoja kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, msibani, watoto wetu wawili tukiwaacha kwa jirani hapa Kirumba, Mwanza, na ziwa lilipochafuka nilikikumbuka kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nikajiuliza swali ambalo katika miaka tisa ya ndoa hatukuwahi kulitamka: tusiporudi sote wawili, hawa watalelewa na nani?

Tuliporudi tuliketi kuandika wosia. Mali haikutuchukua hata saa moja, kwa kuwa tuna kiwanja, nyumba ambayo haijaisha na mtaji wa dagaa. Jina la mlezi lilituchukua majuma matatu. Ukoo wa mume wangu ungemtazamia kaka yake mkubwa, mtu mwadilifu ninayemheshimu sana, lakini ana watoto saba na umri umesogea, ilhali mdogo wangu wa Igoma ndiye anayejua kwamba mwanangu wa pili halali taa ikizimwa, na ndiye wanayemlilia wakiumwa. Tukamwandika yeye kuwa mlezi, na shemeji tukamwandika msimamizi wa mirathi, kwani kulea ni kazi moja na kutunza mali ni nyingine, na naona ni salama zaidi fedha za yatima zisiwe mkononi mwa mtu yuleyule anayeishi nao.

Kabla ya kuandika nilimwendea mdogo wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, nitawachukua, ila wasitenganishwe." Maneno hayo yamo katika wosia.

Wosia haumfungi hakimu, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Ndiyo maana tulieleza sababu zetu, tukataja na mlezi wa pili endapo wa kwanza hataweza, tukatia saini mbele ya mashahidi wasiorithi chochote, na nakala tutaihifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Shemeji tulimfuata Magu kumweleza ana kwa ana, maana jina linalosikika kwa mara ya kwanza siku ya kuanua matanga huzaa ugomvi unaowaumiza watoto. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba jambo moja tu, kwamba kila Desemba watoto wapelekwe kwa babu yao, nasi tukaliongeza usiku uleule.