Mwaka ambao mlima ulikaa kimya

Machi 2020 nilikuwa na safari tatu za njia ya Machame. Korona ikaingia, zikafutwa zote ndani ya wiki moja. Aprili, Tanzania ikasitisha ndege za abiria za kimataifa, nasi waongoza wageni wa Moshi tukabaki kuutazama Kilimanjaro kutoka uani.

Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili mke wangu aliwasha taa, akachukua daftari la hesabu la mtoto. "Baba watoto, hebu tuyaandike haya madeni. Kuwaza gizani kunatumaliza." Tukaandika: kodi ya nyumba, deni la Mangi, rejesho la kikoba, gesi. Jumla ilikuwa kubwa, lakini sasa niliiona ilivyo. Usingizi ukanichukua.

Asubuhi nilimwendea Mangi dukani kabla hajanitafuta. Nikamwahidi elfu mbili kila Jumamosi. Akakubali, tena akaniongezea kipande cha sabuni. Wema ule sijausahau. Nikaotesha mchicha nyuma ya nyumba, nikawa nauza mafungu barabarani. Buti za mlimani nilikataa kuziuza. Nilizipaka mafuta, nikazifunga mfukoni.

Wageni huwa nawaambia wasihangaike na kilele cha mita 5,895. Watazame visigino vya aliye mbele, pole pole. Miezi ile nami niliishi hivyo, Jumamosi hadi Jumamosi. Anga ilifunguliwa Mei 18, ila simu yangu ya kwanza ya kazi ililia Oktoba. Nikazitoa buti. Ngozi ilikuwa bado laini.