Shingo ya Shangazi

Kiuno kilinikamata Wete, kisiwani Pemba, karafuu zimeshakauka na sisi tunazipakia. Niliinama kunyanyua gunia, nikahisi kitu kimevuta chini ya mgongo, nikabaki hapo hapo nimepinda kama natafuta pini. Shangazi, ambaye kwetu ndiye mkandaji, alinichua wiki mbili kwa mafuta ya nazi ya moto. Nikilala napata nafuu. Nikisimama kuswali, rukuu siiwezi.

Ndipo tukapanda boti kwenda Unguja, kwa mtaalamu wa kairopraktiki, tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono, tuliyeambiwa kuwa "anarudisha mifupa".

Nilijua nitavuliwa shati na kuvunjwavunjwa. Kumbe karibu nusu saa ilikwenda kwa masuala tu. Maumivu yanashuka chini ya goti? Mguu una ganzi? Homa? Umekonda? Umewahi kuumwa saratani? Akafika kwenye choo na mkojo, mbele ya Shangazi, nami nikatazama dari. Akaniona nina haya, akaeleza: ukipata ganzi baina ya mapaja, au mkojo ukakuzuia, au ukakutoka bila habari, usije kwake. Hospitali, siku hiyo hiyo, maana huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Akanigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akanitembeza kwa visigino. Eksirei hakuitaka.

Huku ananipima akanihadithia kuwa kazi yao ilianza Marekani, mji wa Davenport, mwaka 1895, Daniel David Palmer alipodai kamsukuma mgongo mfagizi mmoja kiziwi, akasikia. "Mimi masikio siyatibu," akacheka. Hapo nikamwamini. Waganga wanaokwambia wasichokiweza nimekutana nao wachache.

Akanilaza ubavu, goti la juu kalikunja, akaniambia nitoe pumzi. Kabla haijesha, kwaa! Nikapiga ukelele, zaidi kwa ule mlio kuliko kuumia.

"Mfupa umerudi!" Shangazi akasema.

"Hapana, bibi. Haukutoka popote. Ni hewa iliyomo kwenye maji ya kiungo, kama unavyoalisha vidole."

Shangazi hakufurahi, lakini akavuta kiti. "Basi na mie nialishe shingo."

Mtaalamu akamuuliza anatumia dawa gani. Shangazi akafungua pochi, akatoa vidonge vyake vya moyo, vya kuzuia damu isigande. Yule bwana akavirudisha kwa mikono miwili, akakataa katakata. Shingoni, alisema, mna mishipa inayopeleka damu kichwani. Ni nadra, lakini ikichanika huweza kuleta kiharusi, na kwa dawa zile hathubutu kumgusa.

"Kwani mie si mgonjwa?" Shangazi hakusema naye tena mpaka tunatoka.

Kesho yake mwili uliniuma kama niliyelima. Alishanionya kuwa siku moja mbili ni kawaida. Safari ya tatu nikarukuu sawasawa, ingawa mwenyewe aliniambia viuno vingi vya namna yangu hupoa vyenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo sijui nishukuru mikono yake au siku.

Shangazi bado anakanda watu Wete, na bado anamsema yule bwana aliyemnyima shingo. Ila juzi alikuja kijana ameshika kiuno, nikamsikia kutoka ukumbini, mkono ushaingia kwenye bakuli la mafuta: "Mguu una ganzi, mwanangu? Na mkojo je?"