Mafundi wa Xerox na stori zao

Huku maofisini mtu akiacha kazi anaambiwa andika hendova, basi siku ya mwisho anakaa anajaza paswedi ziko wapi, faili gani liko kwa nani, mkataba gani unaisha lini, anasaini, anakatiwa keki, anasepa. Jumatatu simu zinaanza. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulimsumbua mhasibu mstaafu mpaka akawa anatuzimia simu, maana hakuna palipoandikwa kwamba yule mteja mkubwa ankara yake usitume tu, mpigie kwanza dada wa masijala ndo italipwa. Sasa kitu kama hicho nani anakiandika kwenye hendova?

Ndo maana nakipenda kisa cha Xerox, ile kampuni ya mashine za fotokopi. Miaka ya 1980 kuna mwanaanthropolojia anaitwa Julian Orr aliwafuata mafundi wao wa mashine za fotokopi huko Marekani aone kazi inaendaje. Kampuni ilishawapa vitabu, kosa hili likitokea fanya hivi, likitokea lile fanya vile, yaani ukimaliza kusoma unaona hamna kilichobaki. Kumbe mashine inazingua kwa namna ambayo kitabuni haimo kabisa, na hapo fundi anamwita mwenzake wanaanza kukumbushana, "si unaikumbuka ile ilileta namba ya kosa hiihii, kumbe tatizo lilikuwa kwingine", mpaka wanalipata. Wakienda kula stori ni zilezile za mashine. Bosi wa kawaida angesema hawa wanapiga soga.

Miaka ya 1990 hapo Xerox ikaja Eureka, mfumo wa kwenye kompyuta ulioanzia Ufaransa, mafundi wenyewe wanaandika humo mbinu walizozigundua kazini. Ukituma yako wanaikagua mafundi wenzako kwanza (sio meneja, na hapa ndo penyewe), ikipita inawekwa na jina lako. Malipo ni hilo jina, kwamba fundi wa nchi nyingine ataona ni wewe uliyeigundua, na ukiandika uongo pia wataona ni wewe. Kuna fundi wa Brazil alibaki kidogo tu abadilishe mashine nzima ya dola 40,000, akakuta humo mbinu ya jamaa wa Montreal huko Kanada, kumbe cha kubadilisha ni kishikio cha fyuzi cha senti 50. Hawajuani hata kwa sura.

Sisi nilipo sasa tumeletewa mfumo wa kutunza maarifa, kila mtu apandishe nyaraka mbili kwa mwezi na zinahesabiwa kwenye tathmini, aliyezisoma hakuna. Basi watu wanachukua za zamani wanabadilisha kichwa cha habari wanapandisha, juzi nimekuta mwongozo wa likizo uko mara tatu kwa majina matatu tofauti, na ukitaka likizo yenyewe bado unaenda kumuuliza mama wa mapokezi.