Nilivyopata mkopo wa chuo kwa rufaa, baada ya baba kuumia

Mtaani kwetu Makambako kila mtu ni mtaalamu wa mikopo ya chuo. Huyu atakwambia kama huna mtu Bodi ya Mikopo, sahau. Yule atasema ukishasoma shule binafsi usijisumbue kuomba. Aliyewashinda wote kwa kujiamini ni kijana wa steshenari aliyenijazia maombi: eti fomu ya ulemavu ni ya mwombaji mwenyewe, ulemavu wa mzazi hauhesabiki. Nikalipa elfu thelathini ya maombi na yake juu. Awamu zikatoka, jina langu halimo.

Baba alikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma. Nikiwa kidato cha tatu gari lilikosa breki Mlima Kitonga, akakatwa mguu juu ya goti. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kujiweza, ada analipa bila kukopa. Baada ya hapo tukabaki na genge la mama la nyanya na mchicha, na parokia ikanimalizia kidato cha nne. Fomu yangu haikusema lolote kati ya hayo. Ilionyesha shule ya kulipia, basi.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, akatangaza kwamba shida yetu ni uandishi. Alikesha na kalamu akatoa barua ya rufaa ya kurasa nne. Ilianza na "Kwa heshima na taadhima, huku nikipiga magoti", ikapita kwa Ayubu na majipu yake, mguu wa baba ukapewa aya mbili, mimi nikaitwa kifaranga aliyeponyoka kwa mwewe. Akanisomesha kwa sauti sebuleni. Nililia, sikatai.

Nikaipeleka kwa afisa mikopo wa chuo, ambako nilishasajiliwa kwa kuungaunga. Yule mama akasoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho, akageuza karatasi atazame nyuma.

"Viambatanisho viko wapi, mwanangu?"

Nikamjibu havipo, ila kuna ukurasa wa tatu hajausoma. Alicheka hadi mwenzake wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni. Alipotulia akanieleza: dirisha la rufaa hufunguliwa siku chache tu, fomu ya ulemavu ni ya mwombaji au mzazi wake, na aliyesomeshwa na mfadhili alete barua ya mfadhili. Kwa hiyo ukiwa na swali, nenda kwa afisa mikopo, si steshenari.

Paroko aliandika barua siku ileile. Kazi ilikuwa baba. Fomu lazima ithibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, na baba akagoma: "Mguu haupo, wanataka kuhakikisha nini?" Mama akambembeleza hadi akapanda bajaji, akiwa amenuna njia nzima.

Ila ninachojivunia ni stakabadhi. Mama hatupi karatasi. Risiti zote za benki za ada zilikuwa kwenye kopo la maziwa pamoja na kadi zetu za kliniki. Nikazipanga kwa tarehe. Hadi kidato cha tatu mlipaji ni baba. Kuanzia muhula uliofuata ni parokia. Nikazibandika hivyo, ya mwisho ya baba na ya kwanza ya parokia zikae jirani, mtu asihitaji hata kusoma maelezo. Nikaskani kwa mashine (picha za simu zenye kivuli cha kidole achaneni nazo), nikapakia mwenyewe maktaba.

Majibu yalipotoka nilikuwa nimepangiwa chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, na vitabu, na sehemu ya ada. Mjomba anaamini ni barua yake, ingawa sikuipakia. Baba yeye alitaka kujua tutalipaje. Nikamwambia asilimia 15 ya mshahara, nikiupata.

Ada iliyobaki naihangaikia kwa kuwachapia wenzangu ripoti za mafunzo kwa vitendo. Biashara si mbaya, isipokuwa bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likishawaishia, wote wanataka niwachapie kwa mkopo.