Jinsi ninavyotunza mbegu ya kuchi nyumbani bila kuichanganya

Kuku aina ya kuchi ninaowasema hapa ni wale wenyewe, jogoo amesimama wima kifua mbele, shingo ndefu, miguu mirefu na minene, mdomo mfupi umepinda kama wa kasuku, kaupanga kadogo kamelala kichwani na manyoya yamebana mwilini mpaka kifuani unaiona ngozi nyekundu. Naanza na hili kwa sababu siku hizi kila kuku mrefu anaitwa kuchi, ukimwangalia vizuri unakuta ni Sasso au Kuroiler, wale kuku wa kisasa, kachanganywa na wa kienyeji, upanga mkubwa umesimama na mdomo umenyooka. Chotara sina ugomvi nae, anataga vizuri na anakua haraka, ila mi nilikua nataka mbegu, na mbegu ya kuchi ikishaingia damu nyingine kuirudisha ni kazi ya miaka.

Kitu cha kwanza nilichoshikilia ni majike. Watu wanamaliza hela yote kwa jogoo, wanatafuta jogoo wa kutisha kweli kweli, halafu wanamuachia na tetea yeyote aliyepo bandani alafu wanashangaa vifaranga wanatoka wafupi, sasa kifaranga si nusu anachukua kwa mama? Mi majike nilitafuta taratibu sana, nataka mrefu, mfupa mnene, kasimama vizuri, na zaidi ya yote nataka kumuona mama yake kama bado yupo. Jogoo nikamtoa sehemu nyingine kabisa, mbali na walikotoka majike, ili wasiwe ndugu. Na nikamuwekea majike wachache tu, huyu ni kuku mzito na si kama jogoo wa kienyeji mwepesi anayemudu kumi bila shida, ukimrundikia mayai mengi yatakua hayana mbegu.

Kutaga ndo hivyo, kuchi hatagi sana. Anataga mayai makubwa kiasi, machache, alafu anataka kuatamia. Ukitaka biashara ya mayai huyu sio kuku wako. Hayo machache nayaokota kila siku, naandika tarehe kwa penseli, nayaweka sehemu yenye ubaridi ncha kali ikiwa chini, na yakifika wiki siyasubirishi tena. La kuatamia ndo limenipa faida kuliko yote: mama kuchi ni mzito na miguu mirefu ile, akiingia na kutoka kwenye kiota anavunja, na yai likivunjika yale mengine yanachafuka yanaanza kuoza. Kwahiyo mayai ya kuchi nampa kuku wa kawaida wa kienyeji, mwepesi, mtulivu, ambaye nishamuona anatotoa vizuri. Akianza kulalia namuacha kwanza na yai moja la uongo, nikiona katulia kweli, usiku gizani namtelezeshea mayai ya kuchi mkono ukipita chini ya kifua, kama kumi hivi asizidiwe, maana ni makubwa kuliko yake. Asubuhi ukienda unamkuta kayakusanya yote kwa mdomo kayaweka chini ya mbawa hana habari. Kiota nakiweka mchanga kidogo chini, nyasi kavu juu, na dawa ya unga ya utitiri kabla hajaingia, manake utitiri ukimzidi anaacha mayai na siku 21 zote zimepotea. Wiki ya kwanza ikiisha napima kwa tochi usiku, lenye mbegu unaona mishipa ya damu imetambaa, lisilo na mbegu linapitisha mwanga wote, hilo natoa.

Huku kwenye vifaranga ndo pa kuwa makini sana. Kifaranga wa kuchi anachelewa mno kuota manyoya, wenzie wa kienyeji washafunika mgongo yeye bado yuko nusu uchi anatetemeka, kwahiyo ile ratiba ya kuondoa joto mapema kwake haifai. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 mpaka 35, alafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, lakini mi siangalii kipimo peke yake, nawaangalia wenyewe, wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakijitenga pembeni midomo wazi limezidi, wakitawanyika wanakula basi liko sawa. Ukija msimu wa baridi joto la usiku naliacha mpaka nione mgongo umefunikwa kabisa. Chakula nawapa cha vifaranga chenye protini ya kutosha, mwili ule na mifupa ile haijengwi na pumba tupu, baadae ndo naanza kuchanganya mwenyewe mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa. Maranda chini yawe makavu muda wote, yakilowa tu kuhara damu hiyo hapo.

Kideri, wengine tunaita mdondo, hapo sina mjadala. Ugonjwa huu unafagia banda zima na hauna tiba, iwe kuchi iwe wa kienyeji. Natumia ile chanjo ya tone la jichoni, I-2, inayovumilia joto kuliko zile nyingine, kila baada ya miezi mitatu kuku wote siku moja, mkubwa mdogo, simruki hata mmoja. Ndui nayo nachanja kwenye bawa. Kuku mgeni akija anakaa peke yake mbali, hata awe mzuri vipi, mpaka niridhike.

Alafu kuna vita. Majogoo wadogo wa kuchi wanaanza kupigana mapema na hawapigani kwa mzaha, wa kienyeji akishindwa anakimbia na yanaisha, hawa wanaendelea mpaka mmoja hana jicho. Nikiona tu wameanza kunyanyua manyoya ya shingo natenganisha, kila jogoo chumba chake na ukuta uzibwe chini wasionane, wakionana kupitia wavu wanajiumiza midomo usiku na mchana. Wapo watu wanawafuga kwa ajili ya kuwapiganisha, mi sikubaliani na hilo hata kidogo, kuku mzuri namna ile unamtoa macho kwa sababu ya dau?

Kuchagua nachagua mara mbili. Mara ya kwanza wakiwa na kama miezi minne naondoa wenye vidole vilivyopinda, wenye upanga wa chotara na wanaougua ugua. Mara ya pili nasubiri mpaka wakomae, kuchi anachelewa kukomaa na kuna ambae mdogo anaonekana wa ovyo baadae anasimama vizuri kuliko wote. Jogoo aliyekomaa nataka avuke kilo 2 na nusu bila kuonekana mnene. Walioondolewa ni kitoweo au wanauzwa kama kuku wa nyama, na mnunuzi namwambia wazi hawa sio wa mbegu. Walio bora hawauzwi, hata mtu aje na hela gani mkononi, hapa ndo mbegu nyingi za mitaani zimeishia, anakuja mtu anataka yule mkubwa, unampa, unabaki kuzalisha na mabaki.

Ili ndugu wasipandane nimewagawa familia tatu. Kifaranga akitotolewa tu natoboa tundu dogo kwenye utando wa vidole, kila familia na mahali pake, akikua anavaa pete ya plastiki ya rangi. Majike hawahami, majogoo vijana ndo wanazunguka, wa familia ya kwanza anaenda ya pili, wa pili anaenda ya tatu, wa tatu anarudi ya kwanza, kila mwaka hivyo hivyo. Daftari ni lazima, kichwani haikai.

Na wote hawakai kwangu. Kuna mfugaji mwenzangu nilimpa jogoo na mitetea, kwa makubaliano kwamba hachanganyi na kuku wengine na akiuza hauzi wote, manake likija la kuja bandani kwangu angalau damu ile ipo sehemu nyingine. Mwaka huu jogoo wake mmoja anakuja kwangu, mrefu ajabu, mdomo mfupi kabisa, nishamtengea majike ya familia ya pili.