Usiniambie bunduki ni baridi, nionyeshe

Ilikua mwezi wa sita 2019, Ngaramtoni, ile baridi ya Arusha mnayoijua, manyunyu toka asubuhi na mlima Meru hauonekani kabisa. Tulikua tunashuti filamu fupi kuhusu wezi wa ng'ombe na mimi nilikua asistenti wa dairekta. Asistenti wa dairekta kwenye seti zetu maana yake ni kila kitu, nawapigia simu waigizaji, naandika sini kwenye daftari, nafata chai na chapati kwa mama wa jirani, na siku ile nikawa pia mtu wa silaha bila mtu yeyote kuniambia kwamba ndo mimi.

Sini ilikua inataka bunduki. Dairekta akaenda kuongea na mlinzi wa jumba moja pale karibu, mzee wa makamo ya baba yangu, akarudi nae na ile shotgani yao ya kukunja katikati. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia vizuri akanipa ile kitu mkononi, akasema "haina kitu hiyo mwanangu, usiogope". Basi. Nikaipokea kama mtu anavyopokea mwavuli, nikampa kijana aliyekua anacheza jambazi.

Tukafanya mazoezi ya ile sini mara tatu. Kijana amesimama kama hatua mbili toka kwa dada aliyecheza mke wa mwenye ng'ombe, mtutu umemlenga kifuani, kidole kipo kwenye triga kwa sababu dairekta alisema kikiwa pale inatokea vizuri kwenye kamera. Mara tatu. Alafu mvua ikaongezeka tukasema tupumzike, mzee akaichukua bunduki yake aifute maji, akaikunja, ikadondoka risasi moja nyekundu kwenye majani.

Hakuna aliyeongea. Mzee aliiokota akawa anaiangalia tu mkono unamtetemeka, akasema mwenzake wa zamu ya usiku ndo alikua nayo, yeye alipokabidhiwa asubuhi aliambiwa haina kitu. Yule dada alikaa kwenye kreti la soda akajifunika khanga kichwani. Aliondoka na haisi saa nane mchana na hajawahi kuigiza tena. Nilienda kumwomba radhi kwao Tengeru wiki iliyofata, mama yake alinipokea vizuri, akanipa na ndizi za kubeba, ila dada mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kitu kimoja tu, "we uliifungua?" Sikuifungua. Mlinzi wa usiku alimwambia mzee, mzee akaniambia mimi, mimi nikamwambia kijana. Watu wanne bunduki imepita mikononi mwetu na kilichokua kinapokezana ni maneno.

Sasa miaka miwili na kitu baadae, mwezi wa kumi 2021, nipo kwenye haisi natoka Kijenge kwenda mjini nikaona kwenye simu habari ya Halyna Hutchins. Mama wa mtoto mmoja, miaka 42, mzaliwa wa Ukraine, mpiga picha mkuu wa filamu ya Rust iliyokua inashutiwa kwenye shamba moja karibu na Santa Fe, New Mexico, kule Marekani. Tarehe 21 walikua ndani ya kanisa la mbao wanapanga pozi la kamera, mwigizaji Alec Baldwin anafanya zoezi la kuchomoa bastola upande wa kamera, ikalia. Risasi ikampitia Halyna ikaenda kumjeruhi bega dairekta, Joel Souza. Halyna akafariki siku hiyo hiyo. Na kabla ya hapo msaidizi wa dairekta, yaani mtu mwenye kazi kama yangu, alikua ametangaza kwamba hiyo ni bunduki baridi. Ndo wanavyosema kule, baridi, maana yake haina kitu cha kulipuka.

Nilishuka kituo ambacho sio changu.

Hilo neno baridi limenikaa kichwani kwa sababu na sisi tunalo. Kwenye habari tunasikia polisi wamepiga risasi baridi, na mtu akisikia hivyo anajua hapo hakuna wa kuumia. Jamani, risasi baridi ina baruti ndani. Kilichokosekana ni ile chuma ya mbele tu, ila moto unatoka, upepo wa nguvu unatoka, na kile kizibo kinachoshikilia baruti kinatoka pia. Mwaka 1984 kijana wa Kimarekani anaitwa Jon-Erik Hexum, mwigizaji wa tamthilia ya tv, miaka 26, alijiwekea bastola yenye risasi baridi kwenye panja katikati ya kazi akafyatua, ule msukumo ulivunja mfupa wa fuvu na siku chache baadae akafa. Hakuna risasi ya moto hata moja iliyohusika hapo.

Alafu kuna aina ya tatu ambayo mi naona ndo mbaya zaidi maana inadanganya macho. Ni risasi ya maonyesho, ina ganda na ina chuma ya mbele kama ya kweli ila haina baruti. Kwanini wanazitumia? Kwa sababu bastola ya kizamani, ile yenye kiduara kinachozunguka, kamera ikiwa mbele yake inaona vichwa vya risasi, visipokuepo mtazamaji anajua ni tupu. Kwaiyo unaweka za maonyesho. Utazitofautishaje na za kweli? Nyingine zimetobolewa tundu ubavuni, nyingine ndani zimewekwa kagololi, unaitikisa sikioni moja moja inalia kacha kacha, kama hailii unaiweka pembeni na kazi inasimama hapo hapo. Kwenye seti ya Rust zilikutwa risasi sita za moto zimechanganyika na za maonyesho. Sita, mahali ambapo haikutakiwa kuwa hata moja.

Na mwigizaji Brandon Lee, Machi 1993, Wilmington, North Carolina, yeye alikufa kwa hizo aina mbili kukutana. Risasi za maonyesho zilitengenezwa pale pale seti kwa kutoa baruti kwenye risasi za kweli ila kile kifataki cha nyuma kikabaki, kikalipuka kidogo, chuma ya mbele ikasogea ikanasa ndani ya mtutu bila mtu kujua. Siku nyingine wakaweka risasi baridi kwenye bastola hiyo hiyo, ikaisukuma ile chuma iliyonasa ikatoka kama risasi kamili. Alikua na miaka 28. Mtu mmoja angepitisha kijiti kwenye mtutu, au ameelekeza tochi ndani, angeiona.

Watu wakiongelea Rust wengi wanamwongelea Baldwin tu. Kesi yake ilifutwa Julai 2024 katikati ya usikilizwaji, jaji aliona upande wa mashtaka umeficha ushahidi kuhusu risasi. Msimamizi wa silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alihukumiwa miezi 18 jela. Msaidizi wa dairekta hakupinga shitaka la kutumia silaha kwa uzembe, akapewa miezi sita ya uangalizi bila kwenda jela. Nimeyasoma hayo yote na sina cha kubishana na mahakama, ila kinachoniuma ni yale yaliyotangulia. Siku chache kabla, silaha zilishalia kwa bahati mbaya pale seti na kazi ikaendelea, na asubuhi ya tukio baadhi ya watu wa kamera walikua wameondoka wakilalamikia usalama na malazi. Na yule dada wa silaha, miaka 24, alikua anafanya kazi mbili, silaha na vifaa vingine vya seti. Mamlaka ya usalama kazini ya New Mexico iliipiga kampuni ya filamu faini ya dola 136,793, ya juu kabisa kwa sheria yao, baadae wakaafikiana kwenye 100,000.

Hiyo ya kazi mbili ndo inanigusa mimi. Kwa sababu wenye filamu zenye hela nyingi kule walimpa mtu mmoja kazi mbili na ikawa vile, sisi huku tunampa mtu mmoja kazi saba tunasema ndo kujituma. Mwenye silaha anatakiwa awe na kazi hiyo moja tu, alipwe kwa hiyo, na akisema simama dairekta asimame hata kama jua linazama. Alafu mwigizaji nae asione aibu kusema nifungulie nione. Dada wa Tengeru hakuna aliyemfungulia, na yeye ndo kifua kilikua chake.

Nimesikia hoja kwamba mwigizaji hajui bunduki kwaiyo asihusishwe. Siikubali. Huhitaji kujua bunduki kuangalia tundu kama lina kitu au halina, hata kuku wa mayai tunamkagua kabla ya kumnunua sokoni Kilombero.

Kuhusu ile shotgani, nilikuja kuelewa pia kwamba tulivunja sheria tukiwa tunacheka. Silaha inamilikiwa kwa leseni na ina masharti, kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, sio sufuria la kuazimana kwenye harusi. Yule mzee tungeweza kumfukuzisha kazi au kumpeleka jela kwa sababu ya sini ya dakika moja.

Toka siku ile natumia ya mbao. Nina fundi seremala hapa Kijenge alinichongea moja ya mninga, mtutu akaweka bomba la maji la chuma lililozibwa kabisa kwa ndani, akapiga rangi nyeusi ya gari. Mlio na cheche tunaweka kwenye kompyuta. Na hata hiyo ya mbao siitoi kwenye begi kabla mwenyekiti wa mtaa hajajua na kituo cha polisi hakijajua, maana mtu wa mbali akiona watu wamefunika nyuso wameshika mtutu hawezi kujua ni mti, na anayekuja kuwasaidia atakua na ya kweli.

Wiki iliyopita kijana mmoja prodyuza kanipigia anataka nimuunganishe na mtu mwenye bastola, anasema ya mbao haina uzito mkononi, mwigizaji anaishika kama kijiko. Nimemwambia hapana. Nimemwambia aje Jumamosi na huyo mwigizaji wake, tutaijaza vipande vya chuma kwenye kitako mpaka iwe nzito anavyotaka, alafu kabla hawajaibeba nitamfundisha kuikagua toka mwanzo mpaka mwisho, mbele yangu, mti huo huo.