Sindano ya Baba na Nguvu za Mapaja

Baba alikuwa na miaka 71 alipoanza kutibiwa saratani ya tezi dume kwa sindano ya kushusha homoni ya kiume, ile inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya wiki 12. Mwezi wa tano wa tiba hiyo nilimwona, akisali magharibi hapa nyumbani Tanga, akishindwa kuinuka kutoka kwenye sijda mpaka ashike ukingo wa kitanda. Alikamilisha sala, akatoa salamu, kisha akaniambia, "Mwanangu, siumwi popote. Miguu tu hainitii."

Tulidhani saratani imesambaa, ilhali kipimo cha damu cha PSA, kinachofuatilia saratani hiyo, kilikuwa kimeshuka vizuri. Ugonjwa ulikuwa unarudi nyuma na mgonjwa anazidi kudhoofika, jambo ambalo hakuna aliyetuandaa kulipokea. Kliniki walitueleza kuhusu vipindi vya joto la ghafla na kuhusu tendo la ndoa. Misuli haikutajwa hata mara moja, na hilo bado linaniuma.

Tangu mwaka 1941, Charles Huggins na wenzake walipoonyesha huko Chicago kwamba saratani hii hunywea ikinyimwa homoni ya kiume, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966, tiba imesimama juu ya msingi huo. Lakini homoni hiyohiyo, testosteroni, ndiyo inayohimiza misuli kujenga protini, na sindano haina namna ya kuinyima saratani peke yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanaume waliotibiwa kwa wiki 48 waliongezeka mafuta ya mwili kwa asilimia 9.4, huku sehemu ya mwili isiyo mafuta, ambayo misuli ni fungu lake kubwa, ikipungua kwa asilimia 2.7. Uzito wa jumla ulipanda. Ndiyo maana majirani walikuwa wakimpongeza Baba kwamba mzee amenawiri, nasi tukafurahi kila alipopanda mizani, kumbe kilichokuwa kikiongezeka ni tumbo na kilichokuwa kikiondoka ni mapaja.

Baba hakuwa mtu wa kukaa tu. Alitembea kwenda msikitini na kurudi kila siku, na kutembea huko, pamoja na faida zake zote kwa moyo, hakukuizuia misuli kupungua. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyetufafanulia kuwa msuli ulionyimwa homoni bado huitikia mzigo, almuradi mzigo uwe mzito kiasi cha kuuchosha. Nilikuja kusoma baadaye kwamba nchini Kanada, katika utafiti wa mwaka 2003 uliohusisha wanaume 155 waliokuwa kwenye tiba hii, wale waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito mara 3 kwa wiki kwa wiki 12 walipata nguvu zaidi na uchovu wao ukapungua.

Kabla ya kumgusa, mtaalamu yule alidai kuona picha za mifupa, kwa kuwa mfupa ulioingiwa na saratani unaweza kuvunjika chini ya mzigo usiofaa, na tiba yenyewe huipunguzia mifupa uimara. Mifupa ya Baba ilikuwa salama. Akaanza kwa kuketi na kuinuka kitini bila kutumia mikono, kisha kunyanyua dumu la maji la lita 5, siku 3 kwa wiki, nami nikihakikisha hakosi samaki, mayai au dengu mezani. Siku ya kwanza aliinuka kitini mara 6 katika nusu dakika, akatetemeka mapaja na kuomba apumzike. Wiki ya 12 alifika mara 11.

Sindano zinaendelea, na homoni ingali chini vilevile. Jana kwenye sala ya alfajiri aliinuka kwa kuegemeza kiganja gotini, na kitanda hakukigusa.